Kwa nini mtoto wangu hakuruhusiwa kumwona rubani?

SWALI: Assalamu alaikum, Kapteni. Mimi ni mama wa watoto watatu, mkazi wa Langoni, Lamu. Likizo ya Aprili tulitoka Nairobi kuja Manda kwa ile ndege ya abiria 78. Binti yangu wa miaka 9 alikuwa amechora picha ya ndege, akataka kuipeleka mwenyewe kwa rubani. Nikamwomba mhudumu, kwa adabu kabisa, tuingie dakika moja tu. Akasema haiwezekani, mlango haufunguliwi kwa abiria ndege ikiwa hewani. Mtoto alilia mpaka tukatua. Sasa baba yangu alipokwenda Hija mwaka 1988 aliitwa mbele na kapteni, akasimama nyuma ya marubani akaziona taa za Jeddah, na mpaka leo anasimulia. Na mwaka jana tulitoka Malindi kwa ndege ndogo, tukakaa nyuma ya rubani bila mlango wala pazia, hata saa yake ya mkononi nikawa naiona. Iweje kwa ndege moja tukae naye bega kwa bega, na kwa nyingine hata kuchungulia tukatazwe? Na nikuulize lililo moyoni: ni kwa sababu nilikuwa nimevaa buibui? Mama Ruqaya, Lamu.

JIBU: Waalaikum salaam, Mama Ruqaya. Nimelisoma swali lako mara mbili, na nitaanza na mwisho wake, maana naona hapo ndipo palipokuuma.

Si buibui. Nakwambia hivyo nikiwa mtoto wa Malindi, mtaa wa Shella, niliyelelewa na mama aliyevaa buibui mpaka siku aliyotutoka. Nimerusha ndege miaka 26. Nilianza na vindege vya injini moja kati ya kiwanja cha Wilson cha Nairobi, Malindi na Manda, nikahamia ndege za injini mbili, nikamalizia na Boeing 737. Mwaka 2009 mama yangu alipanda ndege niliyokuwa kapteni wake, kutoka Mombasa kwenda Nairobi, mara ya kwanza na ya mwisho. Alikuwa amenipikia mahamri usiku, akayafunga kwenye leso. Alikaa safu ya nne. Tulipokwisha kupanda juu akamwambia mhudumu, "Anayeendesha ni mwanangu, nataka nimpe kwa mkono wangu." Mhudumu akanipigia simu ya ndani. Nikasema hapana. Mama yangu mzazi, aliyenizaa na kunisomesha, nami ndiye mkubwa wa chombo kile, na bado nikasema hapana. Mahamri yalikuja mbele mikononi mwa mhudumu, leso bado ina joto na harufu ya iliki. Mama alininunia mpaka tulipofika nyumbani, na sikumlaumu.

Kwa hiyo Ruqaya hakukataliwa kwa sababu ya alivyo yeye wala ulivyo wewe. Hata hivyo sitaki kulipita swali lako haraka, kwa sababu najua limetoka wapi. Sisi watu wa pwani, wenye majina haya na mavazi haya, tumeshazoea kutazamwa mara mbili. Anayesafiri kwa basi kuja Lamu anajua kitambulisho hutolewa mfukoni mara ngapi kabla ya kufika Mokowe. Mtu aliyezoea hayo akikataliwa jambo dogo ndani ya ndege, moyo unakimbilia huko huko. Basi naomba uniruhusu nikueleze mlango huu umetoka wapi, kisha uone mwenyewe ulifungwa kwa ajili ya nani.

Baba yako hakukudanganya. Miaka ile ya themanini, mashirika mengi ya Ulaya, Asia na huku kwetu yalikuwa yakiwaita abiria mbele. Mtoto alikuwa akipewa cheti na kalamu, mzee akionyeshwa mwezi. Marekani ndiyo iliyokuwa kali mapema: tangu Agosti 1964 sheria yao iliagiza mlango wa marubani ufungwe kwa kufuli ndege ikiwa safarini. Lakini kufuli yenyewe ilikuwa kama ya kabati la nguo. Mlango ulikuwa ubao mwembamba, na mtu mwenye miguu mizuri aliweza kuuvunja kwa teke. Hakuna aliyefikiri ubao ule utatakiwa kumzuia mtu aliyedhamiria.

Kisha yakaja mambo, moja baada ya jingine. Nitakusimulia matatu, na la kwanza linahusu watoto, kwa hiyo tuwe wapole nalo.

Tarehe 23 Machi 1994 ndege ya Aeroflot, Airbus A310, ilikuwa ikitoka Moscow kwenda Hong Kong usiku. Rubani mmoja alikuwa amesafiri na watoto wake wawili, akawaita mbele wakaone baba yao anafanya kazi wapi. Binti akakaa kwenye kiti cha kapteni, akashuka. Kijana naye akakaa, akaushika usukani. Ndege ilikuwa mikononi mwa otopailoti, yaani mtambo unaoiendesha badala ya mkono wa rubani, na baba aliamini kwamba mtambo ule hauwezi kushindwa na mkono wa mtoto. Lakini kijana alipousukuma usukani kwa takriban nusu dakika, mtambo ukaachia sehemu moja tu ya kazi yake, ile ya kuilaza ndege upande huu au ule. Taa ndogo iliwaka. Mlio haukusikika, na marubani wale walikuwa wamezoea ndege zinazopiga kelele jambo kama hilo linapotokea. Ndege ikaanza kulala upande wa kulia polepole, na aliyegundua kwanza alikuwa kijana mwenyewe. Akauliza mbona inageuka. Wakati watu wazima wanaelewa, ndege imeshalala sana, uzito umewakandamiza, na aliyestahili kukaa pale hawezi kuufikia usukani. Watu wote 75 walikufa kwenye milima ya Siberia.

Mimi ni baba. Kisa hiki nilikisoma mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi wa urubani, na kilichonikaa kichwani mpaka leo ni kwamba ndani ya chumba kile hakukuwa na mtu mbaya. Kulikuwa na mzazi mwenye fahari na watoto wenye hamu, kama wewe na Ruqaya. Ndege haipimi nia ya mkono ulioishika.

La pili lilitokea katika bahari yetu. Tarehe 23 Novemba 1996 Boeing 767 ya Ethiopian Airlines ilitoka Addis Ababa kuja Nairobi. Vijana watatu wakaingia kwa marubani, wakatwaa shoka na mtungi wa kuzimia moto uliokuwa mle mle ndani, wakampiga rubani msaidizi na kumtoa, wakataka wapelekwe Australia. Kapteni Leul Abate aliwaeleza kwamba mafuta hayatoshi hata robo ya safari hiyo. Hawakumsikia. Akaifuata pwani ya Afrika kwenda kusini asiipoteze nchi kavu, walipomgundua wakamlazimisha aelekee baharini, akakaza mwendo wa Komoro. Injini zikazimika kwa kukosa mafuta, na ndege ikaanguka kwenye maji karibu na ufuo wa Ngazija, mbele ya hoteli, watu wakiitazama. Wenyeji na watalii waliingia majini kwa mashua kuokoa. Kati ya watu 175 walinusurika 50. Katika waliokufa alikuwamo Mohamed Amin, mpigapicha wetu wa Nairobi ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliigusa dunia nzima.

La tatu lilikuwa njiani kuja kwetu, na nashangaa watu wengi hapa nchini wamelisahau. Alfajiri ya tarehe 29 Desemba 2000, Boeing 747 ya British Airways kutoka London ilikuwa juu ya Sudan ikija Nairobi na watu 398. Kapteni alikuwa amekwenda kupumzika. Kijana mmoja aliyekuwa akisumbuliwa na maradhi ya akili akaufungua mlango, maana haukuwa umefungwa, akaukamata usukani kwa mikono yote miwili. Otopailoti ikaachia. Pua ya ndege ikapanda juu, mabawa yakapoteza hewa, na dege lile likaporomoka maelfu ya futi gizani. Kapteni William Hagan alirudi mbio, wakasaidiana na abiria kumng'oa kijana kutoka kwenye usukani, na rubani msaidizi akaikamata ndege tena. Ilitua Nairobi salama. Sijui kama unapata picha: watu 398 waliokolewa na sekunde chache, na kilichokosekana ni kitasa kilichofungwa.

Miezi tisa baadaye ikawa Septemba 11, 2001. Hilo halihitaji kusimuliwa. Wanaume 19, ndege 4, visu vidogo, karibu watu 3,000 wamekufa. Kabla ya siku ile marubani walifundishwa kwamba mtekaji akija umsikilize, utue, mazungumzo yafanyike chini. Mafunzo hayo yalidhani mtekaji anataka kuishi. Siku ile yalifika mwisho.

Ndipo Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, likaiandika kanuni inayokuhusu wewe. Kuanzia tarehe 1 Novemba 2003, kila ndege ya abiria yenye viti zaidi ya 60, au yenye uzito wa juu wa kuruka unaozidi kilo 45,500, lazima iwe na mlango wa marubani unaohimili risasi za silaha ndogo, vipande vya guruneti, na mtu anayejaribu kuingia kwa nguvu. Mlango huo ufungwe tangu milango ya nje inapofungwa baada ya abiria kuingia, mpaka mmoja wapo utakapofunguliwa abiria washuke. Katikati ya hapo wanapita wenye ruhusa tu. Nchi wanachama zimeingiza kanuni hiyo katika sheria zao, Kenya ikiwemo, na msimamizi wake hapa ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA.

Sasa rudi kwenye ndege yako ya Aprili. Ile ni Dash 8-400, nayo ni nyepesi, inaruka ikiwa na kama tani 29 au 30. Kwa uzito haiguswi na kanuni hata kidogo. Lakini ina viti 78, na mpaka ni 60. Imeingia kwa viti. Mhudumu aliyekuambia haiwezekani hakuwa akitoa maoni yake. Ile sentensi ameisoma darasani, ameifanyia mtihani, na akiivunja anapoteza kazi.

Na ile ndogo ya Malindi? Kwa ulivyoieleza, naamini ilikuwa Cessna Caravan au mfano wake. Hiyo ina viti kama 12 na inaruka na uzito usiofika tani 4. Haigusi mpaka wa viti wala wa uzito, na haikuundwa na mlango kabisa. Rubani anakaa chumba kimoja na abiria, kama nahodha wa mashua. Mantiki yake ni hii: Boeing 737-800 inaweza kubeba lita 26,000 za mafuta na kuruka na tani 79. Hicho ndicho walichokitaka watu wa Septemba 11, uzito na mafuta. Caravan ina mafuta ya lita 1,200 na kidogo. Mtu mbaya akiikamata atawadhuru walio ndani, na hilo ni zito mbele ya Mungu, lakini hawezi kuangusha jengo la ghorofa mia. Walioandika kanuni walipima madhara kwa walio chini pia, wakachora mstari. Mstari wowote ukichorwa, kuna watakaouona wa ajabu wakiwa upande huu leo na upande ule kesho. Wewe umekuwa pande zote mbili.

Ila usidhani kukaa karibu na rubani kwenye ndege ndogo hakuna hatari. Nikupe langu, la miaka ya mwanzo. Nilikuwa narusha peke yangu kutoka Malindi kwenda Manda, ndege imejaa, nikamweka mzee mmoja kiti cha mbele kulia. Mbele ya kiti kile kuna usukani wa pili, na sukani hizo mbili zimeungwa: ukivuta huu, na ule unarudi nyuma kwa kiasi kile kile. Nilimweleza asiguse kitu. Nikaupima usukani wangu mbele na nyuma, uko huru. Mzee alikuwa na kikapu cha ukindu miguuni, maembe ya kupeleka Lamu. Ndege ilipoanza kukimbia, akaogopa, akakiinua kikapu akakikumbatia kifuani. Nilipouvuta usukani kuinua pua, ulikuja nusu ya njia ukagota. Nikavuta tena, ukagota. Nilitazama kulia nikaona usukani wake umezama kwenye ukingo wa kikapu, na mzee kafumba macho anasoma dua. Nikaukata moto, nikashika breki, tukasimama kabla njia haijaisha. Hakuna aliyeumia. Kosa lilikuwa langu: nilimwambia asiguse kwa mkono, sikumwambia habari ya kikapu, na kikapu hakikuwa na haki ya kuwa mbele. Tangu siku ile kiti kile nikawa simpi mtu kabla sijaona magoti yake hayana kitu.

Nimekisimulia ili uone kwamba kinachofanya pale mbele pawe pahala pa hatari si ubaya wa watu. Ni ufinyu. Chumba kizima cha marubani cha Dash si kipana kuliko jiko la nyumba ya mawe pale Mkomani, na kila ukuta, dari, na katikati ya viti, umejaa swichi ambazo mtu aliyesimama anaweza kuzigusa kwa kiwiko au kamba ya mkoba. Halafu kuna masikio. Chini ya futi 10,000, yaani kama mita 3,000, marubani hawaruhusiwi mazungumzo yasiyohusu kazi, hata wao kwa wao. Wazee wetu walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama, nami naongeza kwamba hata nahodha mmoja akisemeshwa wakati wa kuingia mlango wa bahari, chombo kitapanda mwamba. Safari ya Nairobi hadi Manda ni ya saa moja na kidogo. Ukitoa kupanda, kushuka, na kuzungumza na waongozaji wa ndege, nafasi ya kumkaribisha mgeni ni ndogo kuliko inavyoonekana kutoka kiti cha abiria.

Pengine unajiuliza pia kama mhudumu angeweza kupiga simu na kuomba ruhusa. Angepiga, kapteni angesema hapana, kama nilivyomwambia mama. Na asingekuwa na hiari. Mwaka 2023 huko India rubani wa Air India alimwingiza rafiki yake katika chumba cha marubani safarini kutoka Dubai kwenda Delhi. Mamlaka ya kule ikamsimamisha leseni miezi 3, na shirika likatozwa faini ya rupia milioni 3. Ndege ilifika salama, hakuna kilichoharibika, na adhabu ikatolewa hivyo hivyo.

Jambo ambalo Ruqaya anaweza kuwa ameliona, akazidi kuumia, ni mhudumu kuingia mle mle alikokatazwa yeye. Mweleze hivi. Rubani mmoja akitoka kwenda msalani, mhudumu huingia kukaa na yule anayebaki, mpaka mwenzake arudi. Mashirika mengi yanafanya hivyo, na sababu yake ni chungu, maana mlango huu nao umeua.

Ninalazimika kulisema, kwa kuwa ningekuwa nakuuzia maneno matamu nisingelisema. Mlango wa sasa ni mabamba ya nyuzi ngumu, jamii ya zile za fulana za kuzuia risasi. Nje una vibonyezo vya namba na ndani una swichi. Mhudumu akitaka kuingia hupiga simu, rubani hutazama kwa kamera au tundu ni nani, ndipo hufungua. Ikiwa marubani wamezimia na hawajibu, kuna namba ya dharura ambayo baada ya muda hufungua yenyewe. Lakini aliye ndani akiwa mzima anaweza kuikataa namba hiyo, kwa sababu mtekaji anaweza kumtesa mhudumu mpaka aitaje. Ni busara kabisa, mpaka siku ambayo mbaya ni yule aliye ndani. Tarehe 29 Novemba 2013 ndege ya LAM ya Msumbiji ilikuwa ikitoka Maputo kwenda Luanda. Rubani msaidizi alitoka kwenda msalani, kapteni akamfungia nje, akaishusha ndege kwa makusudi mpaka ikagonga ardhi kaskazini mwa Namibia. Watu 33. Kinasa sauti kilirekodi mtu akigonga mlango. Dunia haikuisikiliza Afrika. Tarehe 24 Machi 2015 likajirudia Ulaya, ndege ya Germanwings kutoka Barcelona kwenda Düsseldorf, rubani msaidizi akamfungia kapteni nje, watu 150 kwenye milima ya Ufaransa, na hapo ndipo kila mtu akaanza kuzungumza habari ya watu wawili mbele kila wakati. Kinachonisikitisha ni kwamba miezi 16 ilikuwa imepita tangu ile ya kwanza.

Nimeulizwa na vijana ninaowafundisha kama basi si bora turudi kwenye mlango wa ubao. Hapana. Rubani hupimwa afya, hupimwa kazi, mwenzake yuko pembeni yake kila siku na anamjua. Abiria 78 hawajulikani na hawawezi kujulikana. Nikitakiwa kuchagua wa kumwamini kati ya watu wawili niliowapima na umati nisioujua, nachagua wawili, halafu nahangaika kuwatunza hao wawili wasifike pahala pa kutaka kufa. Hiyo ndiyo kazi iliyobaki, na huko ndiko juhudi zinatakiwa ziende: marubani wasiogope kusema wanaumwa akili kwa hofu ya kupoteza leseni.

Sasa turudi kwenye buibui, maana sijamaliza.

Fikiria kanuni ingekuwa laini. Fikiria ingesema, "Mhudumu atumie busara yake kuchagua nani aingie mbele." Ungependa? Mhudumu ana dakika chache na macho yake tu. Angemtazama mtalii mwenye kofia ya mkeka na mtoto mwenye nywele za dhahabu, akaona hawana neno. Angemtazama kijana wetu wa Pate mwenye kanzu na ndevu, aliyetoka kusoma, mwenye hamu ya ndege kuliko wote mle ndani, akasita. Angekutazama wewe. Na mngekaa kwenye viti vyenu mkiwatazama wenzenu wakiitwa mbele, na hapo jibu la swali lako lingekuwa lile unaloliogopa. Kanuni inayomkataa kila mtu haimpi mhudumu nafasi ya kuchagua nyuso. Siku ile uliyokataliwa, mtalii wa safu ya kwanza angeomba angekataliwa kwa sentensi ile ile. Mimi niliye mtu wa Malindi nimekaa upande wa ndani wa mlango huo miaka mingi, na hili ndilo linalonifanya niutetee kwa moyo mweupe.

Lakini hamu ya Ruqaya isife kwa ajili ya haya. Kanuni inasema mlango unafunguliwa milango ya nje inapofunguliwa. Ndege ikiwa imesimama, injini zimezimwa, abiria wanashuka, kapteni ana uhuru wa kumkaribisha mtoto, na wengi wetu tunapenda. Hakuna anayelazimishwa, maana pale Manda ndege haikai sana kabla ya kurudi Nairobi, na marubani wana hesabu za mafuta na mizigo. Ila ukiomba vizuri mara nyingi utapata. Mwambie mhudumu mnapoingia, Nairobi, si mkiwa hewani: "Binti yangu angependa kuwasalimu marubani tukitua, wakiwa na nafasi." Yeye atapeleka salamu mbele mapema. Ruqaya aandike maswali mawili kwenye karatasi, kwa sababu watoto wakifika pale husahau kila kitu. Aulize, kwa mfano, usiku wanaionaje njia, au ile rangi ya maji kati ya Kipini na Lamu ni kina gani. Asiguse kitu mpaka aambiwe, na akiambiwa aguse, aguse kimoja.

Picha yake asiing'ang'anie mkononi. Ampe mhudumu hata ndege ikiwa angani, kama ilivyopita ile leso ya mama yangu. Mimi nilikuwa nikizibandika kwenye mlango wa kabati langu la nguo za kazi. Nilistaafu nazo zaidi ya 40, nyingi za watoto ambao sikuwahi kuwaona uso.

Na kama hamu hii itakua naye, ajue mapema kwamba mlango huo una ufunguo. Leseni ya rubani binafsi inaanza miaka 17, ya biashara miaka 18, na kinachotakiwa kabla ya hapo ni hesabu, fizikia, Kiingereza na macho yaliyopimwa. Ana miaka minane ya kujiandaa.

Safari ijayo mkishatua Manda, bakini kwenye viti mpaka wenzenu wamalize kushuka. Msiikimbilie boti ya kwanza ya kuvukia Lamu pale gatini. Zipo nyingine nyuma yake.